Orodha ya Vyuo Hujengwa Kuanzia Chini

Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai, na dirisha la maombi ya vyuo vikuu hufunguliwa siku chache tu baadaye. Siku hizo familia nyingi za Tanzania hukaa kitako na kuandika orodha. Ukizipitia, nyingi zinafanana: Muhimbili udaktari, Bugando udaktari, KCMC udaktari, Dodoma udaktari. Vyuo vinne, ada ya maombi mara nne, na mwenye orodha anaamini amejitawanya vya kutosha.

Hajajitawanya. Ameomba kitu kimoja mara nne. Wengi wa watakaompita Muhimbili kwa alama wameomba Bugando pia, na KCMC, na Dodoma. Kinachomkwamisha mlango wa kwanza kinamsubiri mlango wa pili. Kuongeza chuo cha tano chenye programu ileile hakubadilishi hali sana; kunampunguzia tu pesa mfukoni.

Kosa hilo lina historia yake. Kuanzia 2010 hadi 2016 Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, iliendesha udahili wa pamoja: mwombaji alijaza machaguo yake sehemu moja, na mfumo ukampangia mahali. Aprili 2017, akizindua mabweni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Rais John Magufuli alikosoa utaratibu wa tume kuwapangia wanafunzi vyuo, na kuanzia mwaka wa masomo 2017/18 waombaji wakaanza kuomba moja kwa moja vyuoni. Uhuru uliongezeka, na kazi ikahama. Kupima uwezekano, ambako zamani kulifanywa na kompyuta moja ya tume, sasa ni kazi ya kijana wa miaka 19 na mzazi ambaye pengine hakuwahi kukanyaga chuo kikuu. Wote wawili hawajafundishwa namna ya kuifanya.

Tuanze na waraka muhimu kuliko zote, mwongozo wa udahili ambao TCU huutoa kila mwaka kwenye tovuti yake, bure. Kila programu ina mstari wake: jina, namba ya programu, sifa za kujiunga, pointi za chini, idadi ya nafasi na miaka ya masomo. Watu husoma sifa na pointi za chini, wakiona wanafika wanafunga kitabu. Mimi ningesema safu yenye maana kubwa zaidi ni ile ya nafasi, ambayo karibu hakuna anayeitazama.

Pointi za chini zinasema nani haruhusiwi kusimama kwenye foleni. Hazisemi nani atafika dirishani. Kwa udaktari wa binadamu, sifa ambayo imekuwa ikiandikwa kwa miaka mingi ni ufaulu katika Fizikia, Kemia na Baiolojia, jumla isiyopungua pointi 6, kukiwa na angalau D katika Kemia na Baiolojia na angalau E katika Fizikia. Ni sharti jepesi ukilisoma peke yake. Lakini chuo chenye nafasi mia kadhaa kinapopokea maelfu ya waombaji waliovuka sharti hilo, huanza kuchukua kutoka juu, na nafasi huisha kabla hakijakaribia 6. Programu nyingine, katika chuo kingine, inaweza kuwa na pointi za chini zilezile na bado ikahangaika kujaza viti. Mwongozo huziandika zote mbili kwa herufi za ukubwa mmoja.

Hapa kuna mtego mwingine, nao ni wa hesabu. Cheti cha matokeo kinatumia pointi za divisheni, ambako A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Masomo matatu ya tahasusi hujumlishwa, na kadiri jumla inavyopungua ndivyo matokeo yanavyokuwa mazuri: 3 hadi 9 ni Daraja la Kwanza, 10 hadi 12 la Pili, 13 hadi 17 la Tatu. Vyuo vinatumia pointi zinazokwenda kinyume: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S ni nusu. Kijana anayesema "nina pointi 10" na kuona mwongozo unadai 6 anaweza kulala usingizi mzuri bila sababu, au kukesha bila sababu, kutegemea ni pointi zipi alizozishika kichwani.

Chukua binti wa PCB, yaani tahasusi ya Fizikia, Kemia na Baiolojia, aliyepata B ya Baiolojia, C ya Kemia na E ya Fizikia. Kwenye cheti ana pointi 10, Daraja la Pili. Kwa hesabu ya vyuo, udaktari unamhesabia masomo yote matatu: 4 na 3 na 1, jumla 8 kati ya 15. Amevuka sharti la 6, kwa hiyo ana haki ya kuomba. Ila mbele yake wamo wenye A mbili au tatu, na ile E ya Fizikia inamvuta chini kila anapopimwa nao.

Sasa mpeleke ualimu wa sayansi, kwa masomo ya kufundishia ya Kemia na Baiolojia, kwenye vyuo vya elimu kama DUCE, Chang'ombe, au MUCE, Iringa. Huko yanayotazamwa ni masomo mawili. Ana 7 kati ya 10, na Fizikia imetoka kwenye hesabu. Mpeleke Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kwenye programu zinazosimama juu ya Baiolojia na Kemia, mambo kama sayansi ya chakula au wanyamapori, na hali inakaribia kuwa hiyohiyo. Ni binti yuleyule mwenye cheti kilekile, lakini kwa programu moja ni mwombaji wa kawaida anayening'inia, na kwa nyingine ni mwombaji mzuri. Hakuna swali la jumla la "nina alama nzuri au mbaya". Kuna swali la alama zangu katika masomo ambayo programu hii inayahesabu, mbele ya watu wanaoipenda programu hii.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuchukua daftari na kumhesabia mtoto upya kwa kila programu anayoifikiria. Ni kazi ya jioni moja. Katika jioni hiyo tazama pia masharti madogo yaliyojificha mwishoni mwa sentensi: programu hii inataka ufaulu wa Hisabati wa kidato cha nne, ile inataka Kiingereza, nyingine inataka somo la tatu liwe kati ya orodha fulani. Mtu huweza kuwa na pointi nyingi na bado akaachwa na mfumo kwa F ya Hisabati aliyoipata akiwa na miaka 16.

Kazi ya pili ni ngumu zaidi, kujua ushindani. Majirani zetu Wakenya wana nafuu hapa. KUCCPS, chombo chao cha udahili, huwaonyesha waombaji pointi ambazo programu iliishia kwazo miaka iliyopita, kwa hiyo mtoto wa Mombasa anajua ametofautiana kiasi gani na wa mwisho aliyeingia. Kwetu vyuo hutangaza majina ya waliochaguliwa, na majina hayasemi alama. Lakini dalili zipo, na iliyo bora haitumiki ipasavyo: matangazo ya awamu ya pili na ya tatu. Udahili wetu umekuwa ukienda kwa awamu, na baada ya kila awamu vyuo hutangaza programu ambazo bado zina nafasi. Tangazo la mwaka jana la awamu ya tatu ni orodha, iliyotolewa na chuo chenyewe, ya programu ambazo watu hawakuzijaza. Programu iliyoonekana humo miaka miwili mfululizo haina foleni ndefu. Programu ambayo haijawahi kuonekana hata katika awamu ya pili, usiiweke chini ya orodha yako ukiiita ya uhakika. Ongeza hapo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza au wa pili anayesoma programu hiyo; muulize aliingia na alama gani na wenzake wana alama gani. Wanafahamiana, na hawaoni haya kusema.

Wazazi wenye intaneti hukutana na ushauri wa Marekani, ambako wanafunzi huambiwa wagawe vyuo mafungu matatu: vya ndoto, vya saizi yao, na vya uhakika. Wazo ni zuri, ila limetokana na mazingira mengine. Chuo kama Harvard humkataa kila mwaka kijana mwenye alama za juu kabisa, kwa sababu kinasoma pia insha yake, barua za walimu na aliyoyafanya nje ya darasa. Kwa hiyo hata mwanafunzi bora hana uhakika wa chochote, na hutuma maombi mengi. Kwetu hakuna anayesoma insha. Shahada ya kwanza huingiwa kwa alama, na mashaka yanatokana na jambo moja, nani mwingine ameomba mwaka huu. Mashaka ya namna hiyo hupimika. Orodha ya Kitanzania haina haja ya kuwa ndefu kama ya Kimarekani, mradi programu zilizomo zisiwe zinategemea bahati ileile.

Na ndiyo maana naona watu wanaijenga kwa kuanzia upande usiofaa. Wanaanza juu, kwenye ndoto, wanatumia wiki nzima wakibishana kati ya Muhimbili na Bugando, kisha usiku wa mwisho wanachomeka kitu chochote chini ili fomu ijae. Kile kitu chochote ndicho kinachomchagua mtoto. Oktoba anaripoti kwenye programu ambayo hakuwahi kuisoma hata maelezo yake, anaichukia kabla hajakaa, na mwaka unaofuata anataka kuhama au kuanza upya.

Anzia chini. Tafuta kwanza programu mbili zenye sifa zote hizi: alama zake zinaivuka kwa mbali, dalili za awamu zinaonyesha nafasi hubaki, nyumbani mnaweza kuilipia hata mkopo ukija nusu, na yeye mwenyewe angeamka asubuhi kwenda kuisoma. Sifa ya mwisho ndiyo inayoangusha nyingi. Mkae naye, mfungue maelezo ya masomo ya mwaka wa kwanza na wa pili ambayo vyuo vingi huweka kwenye tovuti zao, na mmuulize kwa upole kama ndiyo maisha yake ya miaka mitatu. Akisema "afadhali nikae nyumbani", basi hiyo si programu ya uhakika, hata kama ingempokea kesho. Ifuteni.

Mkishazipata hizo mbili, juu yake panakaa programu ambazo yeye ni mwombaji wa kawaida, na huko ndiko upana wa orodha unapotakiwa kuwa. Kwa binti wetu wa PCB ningeweka hapo uuguzi, maabara ya tiba, afya ya mazingira, na udaktari wa mifugo wa Sokoine, nikiangalia kila moja inahesabu masomo mangapi. Juu kabisa, udaktari mahali pamoja au pawili. Ndoto haina ubaya wowote. Inagharimu fomu tu, na mara nyingine inaitika. Nisichokikubali ni ndoto kuchukua viti vyote vya mezani.

Kuna jambo la mpangilio linalowachanganya wengi. Ndani ya chuo kimoja unaweka machaguo kwa mfuatano, na chuo kitakuchagua kwenye programu moja tu, kwa hiyo unachoanza nacho kina uzito. Kati ya chuo na chuo hakuna mfuatano. Hakuna chuo kinachojua wewe umekipenda cha kwanza au cha tatu, na unaweza kuchaguliwa vyuo viwili au vitatu kwa pamoja. Kwa hiyo zile programu mbili za chini zisikae nyuma ya udaktari ndani ya fomu moja pekee. Ziweke chuo tofauti, zikiwa mbele.

Pesa zinastahili kuzungumzwa mapema kuliko inavyofanyika. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu huombwa kando na udahili, na dirisha lake halingoji awamu zako za vyuo. Bodi, iliyoanza kazi 2005 baada ya sheria ya mwaka uliotangulia, humpima mwombaji kwa uhitaji wake, na ina viwango vyake vya ada. Viwango hivyo havipandi pamoja na ada ya kila chuo. Udaktari katika chuo binafsi hugharimu mara kadhaa ya chuo cha umma, na tofauti hiyo huangukia nyumbani, kila mwaka, kwa miaka 5. Nimeona familia zikiuita udaktari wa chuo binafsi kuwa chaguo la uhakika kwa sababu ushindani wake wa alama ni mdogo. Ni wa uhakika kwa mwenye pesa mkononi. Kwa asiyenazo, hilo ndilo chaguo lenye hatari kubwa kuliko yote, kwa sababu anayeingia na kutoka mwaka wa pili kwa ada amepoteza zaidi ya aliyekosa nafasi. Wenye ufaulu wa juu sana katika tahasusi za sayansi wana njia nyingine, ufadhili wa Samia ulioanza mwaka wa masomo 2022/23, lakini huo si wa kuupangia bajeti kabla jina halijatoka.

Umbali nao ni pesa. Mtoto wa Dar es Salaam anayesoma DUCE na kulala nyumbani ana gharama tofauti kabisa na anayepanga chumba Dodoma. Mtoto wa Songea kote ni mbali, kwa hiyo kwake hesabu ya umbali haichagui chuo. Ya chumba na chakula ndiyo inayochagua.

Kwa programu zinazoishia kwenye leseni, uliza pia kama baraza husika linaitambua: wahandisi wana bodi yao ya usajili, madaktari wana baraza lao, wauguzi na wafamasia vilevile. Na hakikisha programu imo kwenye mwongozo wa mwaka huu, si wa mwaka juzi. Mwaka 2017 TCU ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya kwa sababu za ubora, na waliotegemea sifa za zamani za vyuo hivyo walijikuta wakianza orodha upya.

Wenye matokeo dhaifu wana orodha pia, na inasikitisha jinsi isivyozungumzwa nyumbani. Stashahada inayosimamiwa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, ikimalizwa kwa wastani wa 3.0 au zaidi, hufungua mlango wa shahada, na tangu 2023/24 Bodi ya Mikopo imekuwa ikikopesha pia wanafunzi wa baadhi ya fani za ngazi hiyo. Chuo Kikuu Huria nacho kina programu yake ya msingi kwa waliokaribia sifa bila kuzifikia. Kwa kijana mwenye E mbili na S moja, stashahada ya maabara au ya umwagiliaji ni chaguo la kwanza lenye heshima, wala si adhabu. Dirisha lake la maombi ni jingine, hivyo asiyeipanga mapema huikosa akiwa bado anangoja awamu ya tatu ya kitu ambacho hana sifa nacho.

Sasa mambo ya utekelezaji, ambako orodha nzuri nyingi huharibikia. Wahitimu wengi hupangiwa mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria baada ya mtihani, na huwa bado wako kambini, Ruvu au Mafinga au Bulombora, dirisha linapofunguliwa. Mazungumzo ya orodha yafanyike kabla hajaondoka, kwa matokeo ya kubuni: ukipata hivi tutaomba hivi, ukipata vile tutaomba vile. Aache namba ya mtihani, vyeti vya kidato cha nne na cha kuzaliwa, na picha, mahali ambapo mzazi anavifikia.

Kisha kuna steshenari. Maombi mengi nchini hujazwa na kijana mmoja aliyeketi nyuma ya kompyuta jirani na stendi, kwa elfu mbili au tatu juu ya ada ya chuo, ambayo mara nyingi ni shilingi 10,000. Wengi wao ni wajuzi na wana subira kuliko maofisa. Lakini foleni ikiwa ndefu, baadhi hujaza namba yao ya simu na baruapepe yao ili wasisubiri ujumbe wa mteja. Kagua kabla hajabofya kutuma, maana sehemu hiyo ndiyo itakayoamua mwisho wa yote. Aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hutumiwa namba ya siri kwenye simu au baruapepe aliyoiandika, na anapaswa kuitumia kuthibitisha chuo kimoja kabla ya tarehe iliyotangazwa. Namba ikitua kwenye simu ya mtu wa steshenari ambaye ameshabadilisha laini, mtoto anabaki na nafasi mbili bila kuweza kuthibitisha hata moja.

Ikitua panapostahili, mnakaa tena na daftari lilelile na kulinganisha nafasi zilizokuja na ada, umbali, na alichosema yeye kabla ya matokeo. Akithibitisha moja, ile nyingine hurudi chuoni na kutangazwa katika awamu inayofuata. Binti wa PCB aliyekosa uuguzi kwa pointi moja katika awamu ya kwanza, na akaomba tena bila kukata tamaa katika ya pili, mara nyingi anakalia kiti kilichoachwa na mwenye A tatu aliyekwenda Muhimbili.